Kitabu Kimoja, Migongo Mitatu

Jumatatu, Machi 3

Basi Mama Nyamaza akaingia na gazeti limelowa chapachapa, akalibwaga juu ya meza yangu bila kuangalia. Mimi nilikuwa nimetoka kupaka gundi pale muda uleule. Likaganda. Alipolivuta likachanika pembeni, akaacha.

"Tumekuwa wa ngapi?" Fundi akauliza.

"Wa pili."

"Wa pili!"

"Kutoka chini."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Na wa chini yetu ni nani?"

"Chuo kipya. Hakijaezekwa."

"Basi tuombe Mungu wasipate mabati."

"Nyamaza," Mama akamwambia, akapanda ngazi.

Ni ile orodha ya vyuo, inatoka kila mwaka, wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa imeganda mezani kwangu na nitafanyia kazi juu yake kama kitambaa. Mama Nyamaza ni mkuu wa maktaba. Jina tumempa sisi kwa sababu neno lake ni hilo moja, hata radi ikipiga anaiambia inyamaze. Sisi wawili tunakaa chini ya ngazi, kwenye chumba cha kujalidi: Fundi, mimi, banio la chuma na sufuria ya gundi. Vitabu vilivyochanika vinashuka kwetu, vinapanda vimepona. Shule niliishia darasa la sita. Dada ndiye kaniambia niandike kila siku kwenye hizi karatasi zinazobaki, mkono uzoee, maana Fundi anasema mjalidi asiyejua kuandika mgongo wa kitabu ni mshona magunia.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Sasa imeanza kweli.

Alhamisi, Machi 6

Dada karudi jioni na viatu mkononi. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya gereji, tangu mama afariki tumebaki wawili. Yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi hapahapa chuoni kwetu. Leo alikwenda kwenye zahanati ya mtu binafsi kuulizia kazi, ili akimaliza asikae tu.

"Mwenye zahanati kaniuliza, unasoma wapi? Nikamtajia. Akafanya hivi." Dada akainua nyusi moja, akaishusha. "Kile cha mkiani? Sisi hapa tunachukua wa chuo cha mlimani, dada."

Chuo cha mlimani ni cha kulipia, kina bwawa la kuogelea. Kwenye orodha ni cha tatu.

"Na huyo nesi wake wa mlimani nimemwona," akasema. "Anamtafutia mgonjwa mshipa. Anachoma, anatoa. Anachoma, anatoa. Nikadhani ni wewe unashona kitabu."

Nilicheka. Yeye akaacha kucheka kabla yangu.

Mwaka jana dada alianguka somo la dawa, kwa sababu wiki ile ya mtihani ndiyo tulikuwa tunamzika mama. Anarudia mwezi wa tano. Wanaruhusu mara mbili tu. Akianguka tena wanamfuta, miaka yote aliyosoma inakuwa hadithi. Kitabu cha somo hilo hatuna uwezo wa kukinunua. Maktabani ipo nakala moja, nene kama tofali, jalada jekundu. Wanafunzi wanakiita Mzee Mwekundu. Wanapanga foleni kukisoma, wengine wanakisoma watano kwa pamoja, mwenye kukaa upande wa juu anasoma maneno yamepinduka. Dada anaweza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini. Anajisifia hilo.

Jumanne, Machi 11

Ameshuka mgeni. Hakuna mtu anayeshuka kwetu, kwa hiyo mimi niliinama kwenye sindano nikajifanya sipo. Kijana wa suti, kaletwa na wakubwa wa chuo kwa kazi moja tu: kutupandisha. Chuo kimekata rufaa, watu wa orodha watakuja kuhesabu upya. Kila sentensi yake ina asilimia ndani, kwa hiyo ndani ya dakika chache Fundi alishambatiza: Bwana Asilimia.

"Vitabu ni asilimia kumi ya alama zote," akasema. "Wanahesabu vitabu, wanagawa kwa idadi ya wanafunzi. Sisi wanafunzi wengi, vitabu vichache. Tunaadhibiwa kwa kuwa na watu."

"Basi nunueni vitabu," Fundi akasema.

"Kwa bajeti ipi, mzee wangu?" Akachukua kitabu kinene kwenye rundo, akakigeuza. "Hiki wakihesabu ni kimoja. Wanapita na kidole kwenye rafu, wanahesabu migongo. Sasa niambie kama fundi. Hiki hakiwezi kuwa vitatu?"

Fundi akakipokea, akakipapasa mgongo. Nilijua atasema nini. Siku ya kwanza naanza kazi alinishika mkono wenye kisu akaniambia: mwanangu, kitabu hakikatwi, kitabu kinashonwa. Nilingoja aseme.

"Kinaweza," akasema. "Kikikatwa vizuri."

Jumatano, Machi 12

Leo tumeanza. Fundi kanipa kisu kipya.

"Kata wewe. Macho yangu siku hizi yanaona ukungu."

Jana hiyohiyo alipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuvaa miwani. Nikakata. Kitabu kinapokatwa mgongo kinatoa sauti, kama mtu anayevuta pumzi ya maumivu na kuizuia. Kimoja cha historia, viwili vya sheria. Unapima kwa rula unene uwe sawasawa, maana vikikaa rafuni vinapendeza vikilingana. Sura inaishia wapi, hiyo haituhusu. Fundi akafanya majalada. Alifanya majalada mazuri kweli, hilo siwezi kumnyima.

Ijumaa, Machi 14

Tumekata.

Jumatatu, Machi 17

Tumekata. Paa linavuja juu ya rafu za sayansi, zimewekwa ndoo. Bwana Asilimia kaulizwa habari za paa, kasema paa halina alama.

Jumatatu, Machi 24

Nilimwambia dada. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani mnazalisha vitabu kwa kisu! Kama mihogo!"

"Wanasema tutapanda."

"Basi kata, mdogo wangu, kata! Kata mpaka kamusi. Nataka siku ile yule wa zahanati aniinulie nyusi zote mbili."

Nililala nimefurahi. Nilijiona kama na mimi namjengea kitu.

Jumanne, Aprili 1

Leo kimeshuka Mzee Mwekundu.

Nilikiweka chini ya rundo. Fundi akakitoa chini ya rundo akakiweka juu.

"Fundi, hiki kinasomwa sana."

"Ndiyo maana kinatufaa. Kinene hivi kinatoa vitatu bila jasho."

"Wana mtihani mwezi wa tano."

"Na sisi tuna wageni mwezi huu." Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio umenichoma: "Kitabu ni kitabu, mwanangu. Hakuna karatasi inayopotea. Kila kitu kimo, ila kimekaa vyumba vitatu badala ya kimoja. Wewe na dada yako hamjawahi kukaa vyumba vitatu, mtafurahi."

Nikapima. Rula ikaangukia katikati ya jedwali la vipimo vya dawa za watoto. Mstari wa mwisho wa kipande cha pili unasema: *Kwa mtoto mchanga, kipimo kisizidi.* Basi. Kisizidi nini, hiyo iko upande wa pili wa kisu. Nilimwonyesha Fundi. Akasema sogeza basi kidogo. Nikisogeza, kipande cha tatu kinakuwa chembamba, hakilingani na ndugu zake. Akaangalia, akasema acha, acha hivyohivyo.

Nikakata. Mkono ulikuwa wangu, sitasema ulikuwa wa mtu mwingine.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua usiku na mchana. Gundi haikauki.

Jumanne, Aprili 8

Dada kauliza, "Umesikia Mzee Mwekundu kaenda wapi? Nimekuta cha kwanza rafu ya juu, cha pili kule kwenye kilimo. Kilimo! Cha tatu hakipo kabisa."

Nikasema sijui. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Alhamisi, Aprili 10

Leo nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea, nikasema tu, "Ni mimi."

Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akaniangalia kama anavyoangalia kidonda, kwa utulivu, akitafuta kinaishia wapi.

"Nilikwambia kata," akasema.

"Ulisema."

"Nilisema kata vya watu wengine. Si ndiyo? Nilidhani vya watu wengine." Akajilaza akageukia ukutani. "Zima taa."

Taa ilikuwa imezimika, umeme ulikatika tangu mchana. Sikumwambia.

Jumatatu, Aprili 14

Kipande cha tatu nimekiona. Kiko kwenye kabati la kioo pale mlangoni, pamoja na vingine vya majalada mazuri, limeandikwa MKUSANYIKO MAALUMU. Mkusanyiko maalumu una alama zake peke yake. Haviazimwi, havisomwi, vinatazamwa. Unakiona kabisa, wino wa mgongoni niliuandika mimi, herufi zimenyooka kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nilijikaza nikamwendea Mama Nyamaza. Nilianza, "Mama, samahani, kile cha tatu," na yeye akasema, "Nyamaza."

"Ni cha dada yangu, ana..."

"Ni cha kila mtu. Kila mtu ana dada. Ufunguo uko kwa yule bwana, wageni wanakuja Alhamisi. Wakiondoka litafunguliwa. Ngoja."

Kumbe ni mama mgumu kiasi hiki. Nilidhani ukali wake ni wa mdomoni tu.

Alhamisi, Aprili 17

Wageni hawakuja. Barabara imekatika, daraja limezolewa na maji. Watakuja wiki ijayo.

Alhamisi, Aprili 24

Hawakuja. Bwana Asilimia alisimama dirishani akitazama mvua kama inamdai.

Jumatatu, Aprili 28

Hawajaja. Dada na wenzake wanne wamekaa sakafuni mbele ya kabati, wanasoma kipande cha kwanza na cha pili. Wakifika mwisho wa cha pili wanainua macho kwenye kioo. Mmoja kasema kwa sauti, "Kwa mtoto mchanga, kipimo kisizidi," na wenzake wakaitikia kwa pamoja kama darasa la watoto, "Kioo!" Wakacheka. Mama Nyamaza hakuwaambia wanyamaze. Nililiona hilo, nikashangaa.

Jumatano, Aprili 30

Mwalimu wa dada wa somo la dawa kaleta kitabu chake mwenyewe cha zamani, kimeliwa na mchwa sehemu ileile. Dada anasema mwalimu huyo anafundisha vikundi viwili kwa mshahara wa kimoja, na akishuka wodini anajua kila mgonjwa kalala wapi.

"Mwaka jana watu wa orodha walimuuliza nini?" nikamwuliza dada.

"Walimwuliza ameandika makala ngapi."

"Kaandika ngapi?"

"Ataandika saa ngapi, wewe?"

Jumanne, Mei 6

Wamekuja. Nitaandika yote, mkono hata ukiuma.

Asubuhi ndoo zote ziliondolewa. Chini ya kila tundu la paa alisimamishwa mwanafunzi mrefu, kajifanya anasoma, tone linamwangukia yeye badala ya sakafu. Sitanii. Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, viatu vyao vina tope la safari, nyuso zimechoka. Sikuwachukia. Walionekana watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Wakapita na kidole kama Bwana Asilimia alivyosema. Mwanamke anahesabu, mwanamume anaandika. Mimi nilibeba ngazi ya kupandia rafu za juu, kwa hiyo niliona yote kutoka nyuma. Roho yangu ilikuwa inaomba kitu kimoja tu: wafungue. Wafungue kimoja, chochote. Wafungue cha sheria, waone kinaanza katikati ya neno. Wakifungua kimoja, wataomba na cha pili, na kabati litafunguliwa, na dada atasoma.

Mwanamume wa pili akavuta kimoja. Akakipima mkononi, akainama, akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, ile yenye mashine yao ya kuonyeshea picha ukutani. Meza ikatulia. "Afadhali," akasema.

Hicho ndicho kitabu pekee kilichotumika siku nzima.

Mchana wakashuka kwetu. Mwanamke akasimama mbele ya meza yangu, akaiona ile orodha iliyoganda, imejaa gundi na alama za kisu, akatabasamu kidogo.

"Na ninyi huku mnafanya nini, kaka?"

Aliniuliza mimi. Si Fundi, mimi. Maneno yote yalikuwepo, nilikuwa nayo tangu mwezi wa nne. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Karibu."

"Tunaongeza maktaba," Fundi akajibu.

Akaandika. Wakapanda ngazi. Mtu akikaa kimya maisha yake yote, siku anayohitaji sauti anakuta haipo, kama kisima alichokifukia mwenyewe.

Alhamisi, Mei 8

Kabati halijafunguliwa. Linangoja mpiga picha.

Jumatatu, Mei 12

Mpiga picha hajaja. Mvua.

Jumanne, Mei 13

Fundi kapewa cheo. Mkuu wa Kitengo cha Upanuzi wa Maktaba. Kitengo ni yeye na mimi. Kaandikiwa kibao, kakibandika mlangoni mwenyewe kwa gundi yetu.

Nilimwambia, "Fundi, nikipata vile vitatu naweza kukishona tena, hata kwa siku moja. Ulinifundisha."

"Nilikufundisha, na nimekufundisha vizuri. Lakini ukiunganisha, migongo inapungua. Wakirudi kuhakikisha?"

"Watu wanasoma, Fundi."

"Wewe unajua nini habari za kusoma?" Akasema bila kuinua sauti. "Mimi nimekaa chini ya ngazi hii ujana wangu wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Leo nina kibao. Dada yako atapata kazi kwa sababu ya kisu chako, mpumbavu wewe, na bado unanuna."

Huyu mtu alinifundisha kushika sindano. Nilikuwa naiangalia mikono yake kama watu wanavyoangalia moto. Leo nimeitazama nikaona ni mikono tu.

Alhamisi, Mei 15

Dada hali vizuri. Anaandika vipimo kwenye ukuta kwa chaki, vile alivyookota kwa wenzake. Sehemu ya watoto ni ukuta mweupe.

Nilisema labda chuo hiki kweli ni cha mkiani, orodha haikukosea. Nilidhani atakubali. Akanigeukia na chaki mkononi.

"Koma. Nilipokuja hapa nilikuwa sina kiatu cha kubadilisha. Walinipa kitanda, wakanipa wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, nimezalisha wanawake kwa mwanga wa simu. Kule mlimani wangenipokea mimi? Wangenipokea getini, waniulize nimekuja kufagia wapi." Akashusha pumzi. "Kwenye ile orodha kuna safu ya kuonyesha mtu kaingia vipi na katoka vipi?"

Kila siku naifanyia kazi juu yake. Hakuna.

"Tulikuwa wa pili kutoka chini na kitabu kilikuwa kizima," akasema. "Ndicho kinachoniuma."

Jumatatu, Mei 19

Tumepanda! Tuko katikati kabisa. Gazeti limetuandika: chuo cha umma chapiga hatua. Kuna picha ya Bwana Asilimia mbele ya kabati la kioo. Nyuma ya bega lake unaona mgongo mwekundu na herufi zangu.

Kengele zimepigwa, madarasa yamesimamishwa, watu wamekumbatiana mvuani. Hata mimi nilikumbatiwa na mtu nisiyemjua. Ndoo zimerudi.

Jioni yule mwenye zahanati kampigia dada simu mwenyewe. Kasema amesoma gazeti, milango iko wazi, alete tu cheti. Dada akasema asante sana, bosi. Akakata simu, akaanza kucheka. Alicheka vile ambavyo mtu akicheka unamsogelea kumshika. Mtihani ni Ijumaa.

Jumatano, Mei 21

Kila mtu alikuwa ukumbini kwenye sherehe ya kupanda, Fundi kavaa koti. Mimi nilibaki. Nikasikia viatu kwenye ngazi: Mama Nyamaza. Akaweka vitu vitatu mezani kwangu, juu ya orodha. Cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Kuna kitabu kimeharibika," akasema. "Si kazi yako kutengeneza?"

"Mama, ufunguo..."

"Nyamaza." Akakaa kwenye kiti cha Fundi, kitu ambacho sijawahi kuona. "Ufunguo ulikuwa kwangu. Tangu siku ya kwanza. Yule bwana alikabidhiwa wa bandia, lile kabati mimi nimelinunua kabla hajazaliwa."

Nadhani alitaka nimtukane. Angefurahi.

"Nilikuwa nawaona wale watoto wamekaa sakafuni," akasema. "Kila siku nasema kesho. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ndiyo hivyo." Akainuka. "Sasa sikia. Cha kabati hakiazimwi, nikikitoa ni wizi. Lakini kitabu kizima, chenye namba yake ya zamani, kinaazimwa kama kawaida, na mwanafunzi anakaa nacho siku tatu. Hiyo ni kanuni, sikuitunga leo. Mimi naweza kugonga muhuri kwenye kitabu. Siwezi kugonga muhuri kwenye kipande."

"Gundi haitakauka, Mama. Na hii mvua."

"Basi kaa ukipulize."

Alipofika mlangoni akakisoma kibao cha Fundi, akatoa mlio mdogo puani, akapanda. Huyu ndiye niliyemwona mgumu. Na yule niliyemwona baba yuko juu anapiga makofi. Nimewasoma watu kama wageni walivyosoma vitabu, kwa mgongo.

Alhamisi, Mei 22

Nimeshona. Nilibomoa majalada yote matatu ya Fundi, mazuri vile. Nimepitisha uzi kila fungu la kurasa, mara mbili pale nilipokata. Kovu litabaki, ukikiachia kinajifungua chenyewe palepale, lakini kurasa zimekutana. Nilisoma mstari ule mpaka upande wa pili. *Kipimo kisizidi*, na namba ipo, ndogo tu. Kumbe ni namba ndogo hivyo.

Kimekaa kwenye banio, mimi nimekaa nacho, naandika haya nikingoja.

Fundi kaingia asubuhi. Hakuuliza. Akaona majalada yake kwenye kikapu cha takataka, akayaokota moja moja, akayafuta.

"Umeshona vizuri," akasema.

"Asante, Fundi."

"Unajua ninachotakiwa kufanya."

"Najua."

"Nina kibao mlangoni, mwanangu."

"Najua, Fundi. Nenda tu."

Ameyapanga majalada mezani, akayapanga tena, nadhani alitaka nimwombe. Mimi kuomba sijui. Halafu nimemsikia akipanda, polepole, kwenda ofisi ya Bwana Asilimia. Magoti yake ni mabovu na ofisi ni ghorofa ya juu kabisa. Sijui kama anakwenda polepole kwa magoti au kwa sababu nyingine, na siku hizi sitaki tena kumpa mtu sifa kabla hajamaliza.

Kwa hiyo kazi hii imeisha, ama leo ama kesho. Maktaba imepungukiwa migongo miwili. Labda kwa hiyo miwili tutashuka nafasi moja, labda wa zahanati atashusha nyusi zake. Dada kasema potelea mbali, walete mtihani kwanza. Yuko juu kwenye meza ya kuazimia, kitambulisho mkononi, na Mama Nyamaza kashika muhuri tayari.

Nimegusa mgongo kwa kidole. Hakigandi. Gundi imekauka, mvua imekatika kwa sasa lakini mawingu yanarudi, na karatasi za kitabu hazistahimili maji. Usiku wa kusoma ni mmoja tu. Nawasikia Fundi na mtu wa viatu vigumu, bila shaka Bwana Asilimia, wanashuka. Ngazi ni moja, itabidi nipishane nao nikiwa nimekibeba. Lazima niondoke sasa.